Mwongozo kamili wa kuandaa na kusoma rekodi ya machapisho ya mtafiti wa saratani

Mtafiti wa saratani anayefanya kazi Mombasa, awe ni daktari wa Hospitali Kuu ya Mafunzo na Rufaa ya Pwani au mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, hufika wakati akatakiwa kuonyesha rekodi ya machapisho yake: anaomba ruzuku ya utafiti, anaomba kupandishwa cheo, au anataka kukubaliwa kusimamia mwanafunzi wa uzamivu. Fomu humtaka ataje makala zake zote, aeleze zimerejelewa mara ngapi na watafiti wengine, na mara nyingi aandike pia fahirisi yake ya h, namba moja inayojumlisha wingi wa makala zake na wingi wa marejeo yake. Wengi huanza na hilo la mwisho kwa sababu lina jibu la haraka: hufungua Google Scholar, wakanakili namba wanayoiona, wakaendelea na fomu. Mwongozo huu unapendekeza kinyume chake. Namba zije mwisho, baada ya orodha kusafishwa, kwa kuwa namba iliyotokana na orodha mbovu haitetewi mbele ya kamati yoyote iliyo makini, na kwa jinsi majina yetu ya Pwani yalivyo, orodha mbovu ndiyo kawaida.

Hatua hizi zinamfaa pia mjumbe wa kamati aliyekabidhiwa faili la mtu mwingine alisome na kulitolea maoni.

Hatua ya kwanza: kusanya sura zote za jina

Tuseme mtafiti anaitwa Salim, babake Mohamed, babu yake Bakari. Mtaani hapotei hata kidogo. Hifadhidata za kimataifa, hata hivyo, zilijengwa kwa dhana kwamba kila mtu ana jina lake na jina la familia, na kwamba neno la mwisho katika mstari ndilo la familia. Makala yake ya kwanza itamweka kuwa Bakari SM. Ya pili, ambayo mwandishi mwenzake aliijazia majina mawili tu, itamweka kuwa Mohamed S. Ya tatu, iliyopitia mikononi mwa mhariri aliyezoea tahajia nyingine, itamweka kuwa Mohammed SB. Kompyuta inaona watu watatu, na kila mmoja ana makala moja. Upande wa pili wa tatizo ni mbaya zaidi, kwani jina kama Mohamed S linabeba watu wengi sana kutoka Misri hadi Malaysia, na makala za hao wote zinaweza kuingia katika ukurasa wa Salim bila yeye kuomba. Dada aliyeanza kuchapisha kwa jina la babake kisha akatumia la mumewe ana kazi ile ile mara mbili.

Kwa hiyo chukua karatasi uandike kila sura ambayo jina limewahi kuchukua: tahajia zote (Mohamed, Mohammed, Muhammad), mpangilio wote, na herufi za mwanzo zote. Chini yake andika sura zote za taasisi, maana nazo hubadilika. Hospitali ya Pwani, ambayo wenyeji wengi bado wanaiita Makadara, imeandikwa katika makala kama Coast Provincial General Hospital, baadaye Coast General Hospital, na sasa Coast General Teaching and Referral Hospital. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kilikuwa Mombasa Polytechnic University College kabla ya kupata hati yake mwaka 2013. Mtafiti wa umri wa makamo anaweza kuwa na makala chini ya majina yote haya bila kuhama dawati lake.

Hatua ya pili: jisajili ORCID

ORCID ni namba ya tarakimu 16, iliyogawanywa kwa makundi manne ya tarakimu nne, ambayo humtambulisha mtafiti mmoja tu duniani hata jina lake likiandikwa vipi. Huduma hiyo ilianza mwaka 2012 na kujisajili ni bure. Usishtuke ukiona alama ya mwisho ni X badala ya tarakimu. Hiyo hutumika kuhakiki namba yenyewe. Ndani ya akaunti kuna sehemu ya kuandika majina mengine unayojulikana kwayo, na hapo ndipo ile karatasi ya hatua ya kwanza inapoanza kulipa. Ruhusu Crossref (shirika linalosajili makala za majarida) na Scopus (hifadhidata ya kulipia ya makala na marejeo) ziingize makala zako, kisha weka mipangilio ili orodha ionekane na kila mtu, kwa sababu ukurasa uliofichwa hausaidii kamati wala mfadhili.

Siku hiyo hiyo amua sura moja ya jina utakayochapishia maisha yako yote ya kazi, na uwape waandishi wenzako kwa maandishi kabla makala haijatumwa jaridani. Ushauri wangu kwa watu wa Pwani ni kutumia majina matatu kamili, na kama ukoo una jina lake lisilo la kawaida, litumie hilo mwishoni. Jina adimu ni mtaji.

Hatua ya tatu: tafuta makala zote

Anza na PubMed, hifadhidata ya bure ya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, kwa kuwa utafiti mwingi wa saratani hupita hapo. Usiandike jina peke yake katika kisanduku. Tumia alama za utafutaji, hivi:

(Bakari SM[au] OR Mohamed S[au] OR Mohammed SB[au]) AND (Mombasa[ad] OR Kenya[ad])

Alama ya [au] inatafuta mwandishi na [ad] inatafuta anwani ya taasisi. Kuna mitego miwili ambayo haielezwi mahali pengi. Kwanza, hadi karibu mwaka 2014 PubMed ilikuwa ikiweka anwani ya mwandishi wa kwanza tu, kwa hiyo makala ya mwaka 2008 ambayo Salim alikuwa wa nne na wa kwanza alikuwa Mwingereza haitaonekana ukiweka sharti la Kenya. Rudia utafutaji bila anwani, upunguze kwa macho. Pili, kati ya 1984 na 1995 hifadhidata hiyo iliorodhesha waandishi kumi tu kwa kila makala, na majina kamili, badala ya herufi za mwanzo, yalianza kuingizwa mwaka 2002. Mzee aliyechapisha katika timu kubwa miaka ya tisini anaweza kuwa hayumo kabisa katika makala aliyoifanyia kazi, na hapo ushahidi pekee ni nakala ya makala yenyewe.

Baada ya PubMed, rudia katika Scopus au Web of Science ikiwa chuo chako kina usajili, kisha Google Scholar. Usisahau African Journals Online, kwa sababu majarida mengi ya bara letu hayamo katika PubMed, na mtafiti wa hapa anaweza kuwa na makala zake za mwanzo humo. Makala ambayo haionekani Marekani bado ni makala. Mkutubi wa chuo anajua pia taasisi yako imesajiliwa wapi. Programu ya Hinari ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza mwaka 2002, hufungua majarida mengi ya tiba kwa taasisi za nchi zenye kipato kidogo.

Hatua ya nne: safisha orodha

Hii ndiyo hatua inayochosha, na ndiyo inayotofautisha rekodi ya kuaminika na rundo la karatasi. Fungua jedwali la Excel, kila makala mstari wake, na safu za: namba ya DOI, mwaka, jarida, kichwa cha makala, idadi ya waandishi, nafasi yako miongoni mwao, aina ya chapisho, na mchango wako kwa sentensi moja. DOI, namba ya kudumu inayoitambulisha makala mtandaoni na ambayo daima huanza na 10, ndiyo ufunguo wa kugundua marudio: panga jedwali kwa safu hiyo, na makala iliyoingia mara mbili itajitokeza yenyewe.

Isipokuwa rasimu za awali. Makala iliyowekwa medRxiv kabla ya kupitiwa na wataalamu wenza ina DOI yake, na ile iliyotoka jaridani baadaye ina nyingine, ingawa kazi ni moja. Ziunganishe katika mstari mmoja, ubakishe ile ya jaridani. Muhtasari wa mkutano usiuhesabu kuwa makala. Uweke katika orodha yake. Barua kwa mhariri na masahihisho vivyo hivyo.

Kisha kagua kila DOI uone kama makala imeondolewa na jarida kwa kosa au udanganyifu. Hifadhidata ya Retraction Watch, ambayo Crossref iliichukua mwaka 2023 na kuifanya wazi kwa umma, inatosha kwa kazi hiyo. Makala iliyoondolewa huendelea kurejelewa kwa miaka, kwa hiyo marejeo yake yanaweza kuwa yamejificha ndani ya jumla yako hata kama hukuwa na hatia yoyote katika kosa lenyewe. Itaje wazi katika faili, na uiondoe katika hesabu.

Mwisho ni majarida ya kitapeli. Hayo ni yale yanayotoza ada, yakaahidi kuchapisha kwa siku chache, na kutuma barua pepe zinazomwita daktari wa mwaka wa kwanza kazini "Profesa Mtukufu". Ukaguzi ni rahisi kuliko watu wanavyodhani: je, wahariri wanaotajwa wanakiri katika kurasa za vyuo vyao kwamba ni wahariri wa jarida hilo? Je, jarida limo kweli katika hifadhidata linayodai? Nenda kwenye hifadhidata yenyewe ukatafute, usiamini nembo iliyobandikwa kwenye tovuti ya jarida. Na kumbuka kwamba ada pekee si dalili ya utapeli, kwani majarida mengi ya heshima yaliyo wazi kwa wasomaji hutoza ada kwa waandishi.

Hatua ya tano: hesabu marejeo

Sasa ongeza safu tatu katika jedwali: marejeo kwa Google Scholar, kwa Scopus au Web of Science, na kwa PubMed kupitia iCite, tovuti inayohesabu marejeo ya makala za PubMed. Namba hazitalingana, na hazipaswi kulingana. Google Scholar, iliyoanza mwaka 2004, huokota kila kitu, zikiwemo tasnifu, ripoti na rasimu; nyingine mbili huchagua majarida. Hivyo ya Google karibu kila mara ni kubwa zaidi. Kinachokatazwa ni kuchanganya: usichukue jumla kutoka hifadhidata moja na fahirisi kutoka nyingine ili faili lipendeze. Chagua moja, itaje, na uandike tarehe uliyoisoma, kwani namba hubadilika kila wiki.

Scopus ina kitufe cha kuondoa marejeo ya mtu kujirejelea mwenyewe. Kujirejelea si dhambi, maana utafiti wa pili hujengwa juu ya wa kwanza, lakini kama zaidi ya nusu ya marejeo inaondoka unapobonyeza hapo, mjumbe wa kamati atauliza.

Hatua ya sita: fahirisi ya h, kwa mkono

Fahirisi hii ilipendekezwa na mwanafizikia Jorge Hirsch wa California mwaka 2005. Mtafiti ana h ya 6 ikiwa ana makala sita ambazo kila moja imerejelewa angalau mara sita. Ihesabu kwa mkono angalau mara moja ili uelewe inachokiona na isichokiona. Panga makala kuanzia yenye marejeo mengi:

61, 34, 22, 15, 9, 8, 6, 4, 2, 0

Ya sita ina marejeo 8, ambayo yanazidi 6, kwa hiyo inapita. Ya saba ina 6, ambayo hayafiki 7, kwa hiyo tunasimama: h ni 6. Jumla ya marejeo ni 161. Makala zenye marejeo kumi au zaidi ni nne, nayo ndiyo i10 inayoonekana katika Google Scholar.

Sasa mpe mtafiti huyu makala moja zaidi, ya muungano wa kimataifa wenye waandishi 600, ambayo imerejelewa mara 3,000, na ambayo yeye aliichangia takwimu za wagonjwa wa kituo chake. Jumla inaruka kutoka 161 hadi 3,161, karibu mara ishirini. Fahirisi ya h inatoka 6 kuwa 7. Katika saratani, ambako miungano mikubwa ya jenetiki na ya takwimu za magonjwa ni mingi, mfano huu ni wa kila siku, na ndiyo sababu jumla ya marejeo ikisimama peke yake haifai kuamua lolote. Nionavyo, makala za namna hiyo zihesabiwe kando, wazi, pamoja na sentensi inayosema mtafiti alifanya nini hasa. Kukusanya takwimu safi za wagonjwa wa Pwani ni kazi ya maana, na inafaa kuelezwa kama ilivyo badala ya kufichwa ndani ya namba 3,000.

Hatua ya saba: isome namba kwa jicho la fani

Nafasi ya jina ndiyo jambo la kwanza. Katika utafiti wa tiba, wa kwanza kwa kawaida ndiye aliyefanya kazi nyingi zaidi ya mikono na kuandika, na wa mwisho ndiye mkuu wa maabara au msimamizi. Mfano ni Harald zur Hausen wa Ujerumani, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2008 kwa kuonyesha kwamba virusi vya papiloma husababisha saratani ya mlango wa kizazi. Makala ya mwaka 1983 iliyoeleza aina ya 16 ya virusi hivyo ina jina la Matthias Dürst mwanzoni. Ile ya 1984 iliyoeleza aina ya 18 ina jina la Michael Boshart mwanzoni. Zur Hausen yuko mwishoni katika zote mbili. Kamati inayohesabu "makala za mwandishi wa kwanza" tu ingezitupa zote mbili, nazo ndizo zilizogusa aina mbili zinazosababisha takriban asilimia 70 ya saratani hiyo. Hata jina lake ni funzo kwa hatua ya kwanza: jina la familia ni maneno mawili, na katika PubMed ni zur Hausen H.

Jambo la pili ni muda. Chanjo ya kwanza dhidi ya virusi hivyo iliidhinishwa Marekani mwaka 2006, na Kenya ilizindua utoaji wake kwa wasichana Oktoba 2019, hapahapa Mombasa, Ziwa la Ng'ombe. Kutoka ugunduzi hadi mkono wa msichana wa Kisauni ni miaka 36. Makala ya mwaka jana yenye marejeo mawili haijasema lolote bado kuhusu thamani yake.

La tatu ni aina ya makala. Makala za mapitio, ambazo hukusanya yaliyogunduliwa na wengine, mara nyingi hurejelewa zaidi kuliko ugunduzi wenyewe. Mapitio ya Hanahan na Weinberg ya mwaka 2000 kuhusu sifa bainifu za saratani ni miongoni mwa yanayorejelewa zaidi katika fani nzima. Mtafiti mwenye mapitio mawili na hakuna jaribio hata moja anaweza kuwa na fahirisi inayomzidi aliyekaa maabara miaka kumi. La nne ni saratani gani: anayechunguza saratani ya matiti ana maelfu ya wenzake wa kumrejelea, ilhali wa saratani ya umio, ambayo inasumbua sana Afrika Mashariki, ana wachache zaidi. Kwa ulinganifu wa haki tumia iCite, huduma ya bure ya taasisi za afya za Marekani: inailinganisha makala na nyingine za fani yake na umri wake, na kipimo cha 1.0 kinamaanisha imerejelewa kama makala ya katikati iliyofadhiliwa na taasisi hizo.

Kuhusu kigezo cha athari cha jarida, ushauri wangu ni mfupi: usikitumie kumpima mtu. Ni wastani wa marejeo ya makala za miaka miwili iliyopita, na wastani huo huinuliwa na makala chache. Jarida la CA la Shirika la Saratani la Marekani limepata kigezo kinachozidi 200 hasa kwa sababu huchapisha takwimu za saratani ambazo kila mwandishi wa fani huzirejelea katika aya yake ya kwanza. Makala nyingine ndani ya jarida hilo hazina wasomaji hao wote. Azimio la San Francisco la mwaka 2012 linakataza matumizi hayo waziwazi. Fomu ikikitaka, kijaze, kwa sababu fomu ni fomu.

Kuna pia marejeo yanayopotea kwa sababu ya mafanikio. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Mulago, Uganda, alieleza uvimbe wa taya kwa watoto wa Kiafrika katika jarida la upasuaji la Uingereza. Leo waandishi wanaandika "limfoma ya Burkitt" bila kuirejelea makala hiyo, kwani jina limekuwa la ugonjwa. Hakuna hifadhidata inayohesabu hilo.

Hatua ya nane: tafuta athari nje ya majarida

Pakua miongozo ya taifa ya matibabu ya saratani ya mwaka 2019 na ya uchunguzi wa saratani ya 2018, zote za Wizara ya Afya, fungua orodha ya marejeo mwishoni, na utafute kila sura ya jina lako. Kupatikana humo mara moja kuna uzito kuliko marejeo kumi ya kupita katika utangulizi wa makala, kwa sababu muuguzi wa zahanati hufuata mwongozo, hafuati jarida. Andika ukurasa na toleo. iCite nayo huonyesha kama makala imerejelewa na majaribio ya tiba au miongozo.

Hatua ya tisa: andika aya ya faili

Soma kwanza vigezo vya chuo chako na vya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, uone alama zinavyogawanywa. Kisha andika aya moja yenye kila kinachohitajika na isiyozidi hapo. Kwa mtafiti wetu wa mfano ingekuwa hivi:

"Nimechapisha makala 11 zilizopitiwa na wataalamu wenza, kati ya hizo 4 nikiwa mwandishi wa kwanza na 2 nikiwa wa mwisho. Bila kuhesabu makala moja ya muungano wa kimataifa, ambayo nilichangia takwimu za wagonjwa, makala hizo zimerejelewa mara 161, na fahirisi ya h ni 6, kwa mujibu wa Scopus, tarehe 3 Machi. Namba ya ORCID na jedwali kamili vimeambatishwa."

Ambatisha jedwali lenyewe, si picha ya ukurasa wa Google Scholar. Lihuishe kila Januari na kila makala mpya inapotoka, na nakala yake moja iwe nje ya kompyuta ya ofisi.